Mkia wa Bihogo kwenye Ukuta wa Baba Mkwe

Juzi pale Omurushaka nilimkuta kijana anapaka rangi duka la simu. Suruali iko chini ya makalio, masikio kaziba na vidude vya muziki, mkononi kashika rola. Brashi yake kaitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu, imesimama kichwa chini kama inatubu dhambi. Nikamwambia, "Kijana, hiyo brashi unaiua." Akanitazama kama nimemwomba hela ya chai.

"Mzee, hii? Si nanunua nyingine."

Si nanunua nyingine! Nilitembea mpaka nyumbani nacheka peke yangu, watu wakadhani akili zimeanza kuniaga. Basi leo nawaandikia nyie, mafundi wa si-nanunua-nyingine. Mimi Deusi, darasa la saba, nimeanzia kazi hii ujanani na nimestaafu kwa sababu ya magoti. Msijidanganye kwamba nimestaafu kwa sababu yenu. Nimepaka kuanzia Kanoni mpaka Nkwenda huko Kyerwa, makanisa, zahanati, baa, hata choo cha mkubwa mmoja aliyetaka kiwe na rangi ya anga. Nilimpakia anga lake. Akaingia, akafunga mlango, akaridhika.

Sasa nisikilizeni. Vita vilipoisha kwetu Kagera, ukiingia dukani unakuta vitu viwili, vumbi na mwenye duka. Sabuni hakuna, chumvi ya kubahatisha. Brashi ndiyo kabisa, ukiulizia watu wanakuona una raha zako. Genge letu la watu watatu lilikuwa na brashi moja, imenunuliwa kabla ya vita, manyoya mazuri, mpini umeng'aa kwa jasho. Aliyeitunza ni fundi mkuu wetu, Filipo. Aliiviringisha kwenye kitambaa na kuiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Mke wake alikuwa analalamika kwamba yeye hajawahi kukaa upande huo.

Filipo alikuwa Mhaya wa Bukoba, nshomile wa kweli kweli, msomi wa kujionyesha. Alisoma seminari kidogo wakamrudisha nyumbani. Yeye alisema ni macho. Waliomjua walisema ni rubisi, pombe ya ndizi. Lakini Kilatini kilikuwa kimeshamwingia, na Kilatini kikishamwingia mtu asiye na kazi nacho kinamwasha kama upupu. Ukimpa ndoo anakwambia ndoo kwa Kilatini. Ukimpa ugali anaubariki kwanza mpaka unapoa.

Wa pili alikuwa Laurenti, kibarua wetu wa kuchanganya rangi na kusugua kuta. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wakakaa Bweranyange, wakalima na kuchunga. Alikuwa haongei sana, ila akiongea unatafuta pa kukaa.

Wa tatu ndio mimi, na nilikuwa na shida moja tu duniani. Shida hiyo iliitwa Anastazia.

Anastazia alikuwa binti wa Ta Kalisti wa Bweranyange, mzee wa kahawa nyingi na maneno machache. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza nyumba ya matofali, bati juu, plasta safi. Nilipokwenda kujieleza alinisikiliza akiwa anachambua kahawa, hata kichwa hakuinua.

"Kazi yako?"

"Fundi rangi, tata."

"Unapaka nyumba za watu."

"Ndiyo, tata."

"Basi nipakie sebule. Halafu siku ya mahari lete ng'ombe. Nikipenda ukuta na nikipenda ng'ombe, tutaongea. Nisipopenda kimojawapo, kuna kijana wa lori la kahawa naye anapita pita hapa."

Huyo dereva wa lori nilikuwa namjua. Alikuwa anapiga honi akifika kwa akina Anastazia hata kama barabara haina kuku. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi, ukuta na ng'ombe, vyote viwili, la sivyo honi.

Ng'ombe nilikuwa naye. Mama yangu alinipa Bihogo, mtamba mwekundu wa rangi iliyoiva, pembe ndefu zimeinama vizuri, na mkia, jamani, mkia una nywele ndefu zinafagia vumbi. Nilimswaga kutoka Kanoni nikamhifadhi kwa Laurenti, karibu na kwa mkwe, asije akachoka siku yenyewe. Rangi nayo nilipata kwa Hasani, mwenye duka wa Omurushaka ambaye babu yake alitoka Tanga. Alikuwa na makopo ya rangi nyeupe ya mafuta ameyaficha uvunguni tangu kabla ya vita. Akanipa kwa sharti nisimwambie mtu, halafu akapanda baiskeli akaja mwenyewe mpaka Bweranyange kuhakikisha hatuichezei, akamwambia kila aliyekutana naye njiani.

Tukapaka ukuta mmoja. Ukatoka mweupe, ukiusogelea unajiona. Mchana Anastazia akaleta ndizi na maharage, tukakaa barazani. Filipo akailaza brashi juu ya kopo, juani, imejaa rangi. Nikamwambia, "Filipo, iloweke kwanza." Akasema, "Tunakula dakika moja."

Dakika moja! Hasani akanyoosha kidole. "Hiyo burashi yenu nzuri."

Filipo akaweka tonge chini. "Brashi."

"Burashi. Kwetu pwani burashi, tangu babu."

"Kwetu nyumbani ni uburoso," Laurenti akasema huku anatafuna.

"Na sisi Wanyambo tunaweka o mbele," nikachokoza, "oburashi. Hatuachi neno la mgeni lipite uchi."

Basi nimewasha moto. Filipo akanawa mikono kabisa, nikajua tumekwisha.

"Nyie wote mnaokota makombo," akasema. "Brashi ni ya Waingereza. Uburoso wa Laurenti ni wa Wafaransa, kupitia kwa Wabelgiji waliotawala Rwanda. Lakini Mwingereza naye alichukua kwa Mfaransa. Na huko Ufaransa ya zamani neno lenyewe lilikuwa matawi, vijiti vya kichakani, vile unavyofunga fungu unafagilia. Kwa hiyo Hasani na Laurenti mnagombana na ndugu yenu wa tumbo moja."

"Babu yangu alisema Waarabu wanasema furusha," Hasani akang'ang'ania. "Hao Wazungu wote waliiba hapo."

"Babu yako alikuwa anauza nazi."

"Nazi za nani? Usimguse babu!"

"Sikilizeni! Hizo zote ni za kufagilia. Brashi ya rangi, ya fundi hasa, ina jina lake. Wamisionari wa Kijerumani walisema pinseli. Mapadre wetu Wafaransa, penso. Na hata penseli ya shuleni, hiyo mnayoichonga, zamani kwa Waingereza ilikuwa brashi ya mchoraji. Zote hizo mama yao ni mmoja, Kilatini, penicillus. Maana yake nini? Mkia mdogo!"

"Mkia?" Hasani akacheka mpaka maharage yakampalia.

"Mkia mdogo. Ndiyo asili. Brashi ni mkia."

Laurenti akageuka akatazama juani. "Na mkia wenu huko umekauka," akasema.

Tukakimbia. Kweli. Jua la Bweranyange saa saba halina Kilatini. Manyoya yalikuwa yameshikana, unagonga yanalia ko ko ko. Mtu analijua jina la brashi kwa lugha tano na kuiosha hajui hata kwa moja!

Hapo bado ingepona. Nyie hamjui, basi jueni. Brashi ya rangi ya mafuta ikianza kukaza unailoweka kwenye mafuta ya taa, polepole, unaiminya kwa vidole kuanzia kwenye mpini kuja chini, halafu unaiosha kwa sabuni au maji ya majivu, unaichana, unaifunga na jani ikae na umbo lake. Inataka subira. Filipo yeye alitaka muujiza. Akaimwagia mafuta ya taa, halafu akaisogeza kwenye mafiga ya Anastazia pale uani ipate joto ilainike haraka.

Sijui mnahitaji niwaambie kilichotokea. Ilisema fwuu! Filipo akabaki ameshika mpini, mbele kuna kitu kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Anastazia akachungulia kutoka jikoni.

"Na hiyo kwa Kilatini inaitwaje?" akauliza.

Ndiyo maana nilimpenda.

Mahari ilikuwa kesho kutwa. Ukuta mmoja mweupe, mitatu ya kijivu. Hasani akapanda baiskeli akaondoka na hadithi za babu yake. Mimi nikaenda mpaka Omurushaka, nikaenda na Kayanga, kuulizia brashi kwa kila aliyewahi kushika ndoo. Mwashi mmoja akanipa ufagio. Fundi viatu akanipa kibrashi cha kung'arishia, kina manyoya kama ndevu za mvulana. Kesho yake mchana nikarudi mikono mitupu, nimeshajiandaa kumwambia Ta Kalisti kwamba sasa hivi nyumba za kisasa zinapakwa ukuta mmoja tu.

Naingia sebuleni, kuta zote nne nyeupe!

Filipo amekaa katikati, mikono kiunoni, anajisifu bila kufungua mdomo. Nilitaka kumkumbatia. Nikasogea ukutani kwanza, kwa kuwa fundi hata akifurahi anasogea ukutani. Nikaona mstari mwembamba. Nikaona mwingine. Ukuta mzima una nywele! Ndefu, zimelala ndani ya rangi, zingine zimejikunja, zingine zimesimama ncha kama zinaomba kuongea. Na zote nyekundu, nyekundu ya kuiva.

"Filipo. Brashi umepata wapi?"

"Penicillus," akasema.

"Nimekuuliza wapi, sijakuuliza nini."

"Nimerudi kwenye asili ya neno, Deusi. Wazee wa Roma walijua."

Nikamgeukia Laurenti. Laurenti anatazama vidole vya miguu yake kama vimefika leo. "Mimi nilishika pembe tu," akasema.

Nilitoka mbio mpaka zizini kwa Laurenti. Bihogo akageuza shingo akanitazama. Ile fahari yote ya nyuma haipo. Pamebaki mkia mtupu, mwembamba, unacheza hewani kama mpini wa jembe unaotafuta jembe. Nzi wamemjaa mgongoni, naye anapiga, anapiga, hapigi kitu. Mtu wa mjini ataniuliza kuna ubaya gani, si nywele tu. Nenda Karagwe umpelekee mkweo ng'ombe aliyenyolewa mkia. Bora umpelekee asiye na pembe useme kazaliwa hivyo. Aliyenyolewa anaonyesha kwamba mwenyewe huna adabu na ng'ombe, na asiye na adabu na ng'ombe hapewi binti.

Nilirudi nimevimba. "Filipo, wewe ni mpumbavu kwa lugha zote."

"Ukuta umekwisha ama haujaisha?"

"Umeota nywele! Umeona wapi ukuta unaohitaji kinyozi?"

"Ni ufungaji tu ndio umelegea kidogo."

Sasa hapo ndipo damu ilipochemka zaidi, kwa sababu upumbavu nausamehe, kazi mbaya siisamehe. Manyoya ya mkia yanafaa brashi, sikatai, miaka ile nimetengeneza nyingi kwa mikia ya machinjioni. Lakini unayachemsha kwanza yatoke mafuta. Unayapanga ncha zote upande mmoja, kwa sababu ncha ndiyo inalamba rangi. Shina unalichovya kwenye lami, unafunga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, unavuta mpaka vidole viume, halafu juu unabana na bati la kopo. Ukimaliza unaipigapiga kwenye goti. Ikidondosha hata unywele mmoja, unarudia. Yeye alikata, akachanganya ncha na mashina, akafunga na kamba ya mgomba! Kamba ya mgomba ikilowa inalegea, hata mbuzi anajua, ndiyo maana mbuzi wa kwetu hafungwi nayo siku ya mvua.

Nikaanza kunyofoa nywele ukutani. Kila ninaponyofoa panabaki mchubuko. Rangi imeshashika. Anastazia akaingia, akachomoa moja, akaipima kwa mkono.

"Hii siyo ya Filipo. Yeye hana nywele za hivi."

Nikamwambia yote. Hakucheka, ndipo nikaogopa.

"Usimdanganye baba," akasema. "Akikukamata kwenye uongo, kesho hiyo hiyo nasikia honi."

"Nifanyeje sasa?"

"Wewe si unajifanya una mdomo? Kesho utumie vizuri, hata mara moja."

Filipo akapendekeza tumfungie Bihogo mkia wa katani, eti kwa mbali hautaonekana. Nikamwambia akimgusa tena ng'ombe wangu nitampaka yeye, kuanzia kichwani, na sitatumia brashi.

Siku ikafika. Wazee wamekaa uani, rubisi ipo, baba yangu mdogo ndiye msemaji wetu. Kaongea vizuri sana, kasifu ukoo, kasifu migomba, kafika kwa ng'ombe sauti ikaanza kupungua. Laurenti akamleta Bihogo, akamrudisha kinyumenyume mpaka matako yakagusa ua wa miti, kichwa kwa wazee. Alijitahidi. Lakini Ta Kalisti hajaanza kuangalia ng'ombe jana. Akatazama pembe, akafungua mdomo, akapapasa kiwele, akazunguka. Akasimama nyuma.

Akauinua ule mkia mtupu kwa vidole viwili.

"Huyu ni ng'ombe," akauliza, "au ni panya amenenepa?"

Wazee wa upande wao wakacheka vibaya. Mzee mmoja akasema, "Lori la yule kijana mwingine lina taa mpaka za nyuma. Huyu nyuma hana kitu." Baba mdogo akaniangalia kwa jicho la kunifukuza ukoo. Ta Kalisti akajipangusa mikono, na nilijua neno linalofuata. Nikasimama.

"Tata, shikamoo tena."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nitakaa. Naomba kwanza ukaangalie ukuta. Ulisema ukuta na ng'ombe. Bado hujaukagua ukuta."

Akasita. Lakini neno ni lake. Akaingia sebuleni, wazee nyuma yake, mimi nyuma ya wazee, Filipo nyuma ya mlango. Mwanga unapiga kuta, nyeupe kabisa. Nikaona uso wa mzee unalegea kidogo, maana hakuna nyumba Bweranyange nzima iliyokuwa hivyo. Akapitisha kiganja. Kiganja kikasimama. Akarudisha, akashika kitu kwa kucha, akavuta. Ikatoka ndefu, nyekundu.

"Hii nini?"

"Mkia, tata."

"Mkia?"

"Wa Bihogo. Ulitangulia jana. Wewe umeshaupokea, umelala nao humu ndani, umeamka nao. Sasa ukimrudisha ng'ombe, mimi nakubali, ila na mkia wake unirudishie. Na mkia uko ndani ya rangi, rangi iko juu ya plasta. Nitahitaji nyundo."

Nilisikia nzi wa Bihogo huko nje. Halafu chumba cha nyuma kikapasuka kicheko, cha Anastazia, kile alichokuwa amekibana tangu jana, na mama yake akaangua naye. Yule mzee wa taa za nyuma akashika ukuta asianguke. Ta Kalisti hakucheka. Aliuviringa ule unywele kwenye kidole, polepole.

"Nani alimnyoa?"

Sikumtaja mtu. Haikuhitajika. Mlango ulikuwa unatetemeka wenyewe.

Filipo akatoka. "Tata, kwa Kilatini, asili ya brashi..."

"Kwa Kinyambo," Ta Kalisti akamkata, "kazi ya mkia ni kufukuza nzi. Ng'ombe nampokea, ni wangu, na mkia wake ninao. Lakini nzi wanamla. Kwa hiyo mkia utakuwa wewe. Utakuja asubuhi kabla ya kazi yako, utakaa nyuma yake, mpaka nywele ziote."

Filipo akacheka kidogo akidhani ni utani. Mzee akamtazama mpaka kicheko kikaisha.

Na alikuja! Mnadhani natia chumvi? Alikuja kwa sababu Ta Kalisti ndiye aliyekuwa na jamaa wa kujenga kila kona, na fundi aliyekataliwa naye angepaka choo chake mwenyewe tu. Niliwahi kwenda kuangalia, nilikuwa mkwe sasa, nina haki. Nikamkuta nshomile wetu amechuchumaa kwenye majani, amevunja matawi ya kichakani akayafunga fungu, anapunga kushoto, anapunga kulia. Watoto wamepanga mstari kwenye ua wanaimba, "Mkia Mdogo! Mkia Mdogo!" Na jina hilo lilimfuata mpaka Bukoba.

"Filipo," nikamwambia, "hayo matawi umeyafunga na nini?"

Akayaficha nyuma. Kamba ya mgomba.

Ile sebule ipo hadi leo. Mzee alishafariki, nyumba tunakaa sisi, na Anastazia hataki kusikia habari ya kupaka upya. Mgeni akishangaa mstari ukutani, Anastazia anamwambia ashike, avute kidogo, aone kama ng'ombe atalia.

Kwa hiyo wewe kijana wa duka la simu, endelea. Nunua nyingine, na nyingine tena. Jana nimepita, brashi yako bado imo kwenye ndoo, kichwa chini. Tawi la kufukuzia nzi nimekukatia, liko nyumbani kwangu mlangoni. Ng'ombe pia yupo.